Chombo cha Wasumbula

Mwezi uliopita nilialikwa Kisarawe kwenye harusi ya mjukuu wa Sefu. Sijamaliza hata kuvua viatu mlangoni, Sefu mwenyewe, mzee sasa, meno yamempungua lakini sauti ile ile, akasimama katikati ya wapiga ngoma na kuinua mkono. "Jamani, tulieni kwanza! Bi Rudishwa kaingia!" Vijana wakageuka kunitazama, wakadhani hilo ndilo jina langu. Binti mmoja akaniamkia, "Shikamoo, Bibi Rudishwa," kwa adabu zote, nami nikaitikia marahaba, maana sikuwa na namna. Jina langu ni Mwajuma. Hilo jingine nilipewa kule Soga, Jumapili moja alasiri, na mpaka leo sijawahi kupata zawadi niliyoipenda zaidi. Yule binti alitaka nimweleze pale pale, lakini ngoma zikaanza tena na mimi si mtu wa kushindana na ngoma. Nikamwambia nitaandika. Naandika polepole, mstari mmoja kwa kikombe kizima cha chai, kwa hiyo anivumilie.

Ulikuwa mwaka ule vijana waliporudi kutoka vitani, na madukani hakukuwa na kitu. Nilikuwa nakaa Tangini, Kibaha, kwa dada Zena, ambaye alikuwa akinifundisha kushona. Chumba chake cha mbele nakiona hata sasa nikifumba macho: cherehani karibu na dirisha ili ipate mwanga, mkeka chini, pazia la kanga iliyopauka, na juu ya kabati redio iliyofunikwa kitambaa cha kufuma kana kwamba ni mgeni aliyelala. Sabuni ilipokosekana tulifulia majani ya mpapai. Sukari ilipokosekana tulikunywa chai ya mchaichai na kujidanganya kwamba ni tamu. Tulikula unga wa njano ambao dada Zena alisema umesafirishwa mbali mno hata ukasahau kuwa ni chakula. Lakini kila Jumapili alasiri chumba kile kilijaa watu mpaka cherehani ikageuzwa kiti, kwa sababu saa kumi redio ilikuwa inatuletea Vita vya Kilimia.

Leo hakuna anayekikumbuka kipindi hicho ila sisi wazee. Kilikuwa mchezo wa redio wa mfululizo. Watu wa nyota za Kilimia, zile zile ambazo wakulima wa kwetu wanazitazama kujua majira, walikuwa wakipigana na watu wa nyota nyingine iitwayo Sumbula. Walikuwa majirani huko juu, walioleana, kisha wakaanza kuchomana. Kila sehemu ilifunguliwa kwa sauti ya Jemadari mkuu wa Wasumbula, mzee, akiongea taratibu kama mtu aliyechoka kuulizwa, akisema vita havikuanza kwa moto, bali vilianza siku chombo chao kilipokuja nyumbani kitupu. Basi. Hakueleza tena. Tulisikiliza mwaka mzima, miji ikiungua huko angani, na hakuna aliyetuambia kilitokea nini siku ile. Kwa hiyo tulijieleza wenyewe.

Mkubwa wetu katika maelezo alikuwa Mrisho. Alikuwa mmoja wa waliorudi kutoka mpakani, sasa akifanya kazi ya bustani kule Tumbi, na watu walimwita Afande ingawa alikuwa amekwisha vua sare. Kuhusu vita alivyopigana yeye hakusema neno. Kuhusu vita vya Kilimia hakunyamaza. Chombo kilichorudi kitupu, kwa maelezo yake, kilikuwa ni merikebu ya angani, na swali lilikuwa moja: kama wanaanga wote wameuawa, nani aliyeiendesha kuirudisha nyumbani? "Hakuna aliyeiendesha," alisema, akiwa ameketi juu ya cherehani. "Ile merikebu ni mnyama. Ina damu. Mfungulie ng'ombe jioni uone kama hatalijua zizi." Dada Zena akamuuliza mnyama gani anayelia kama mashine ya kusaga, maana redioni merikebu zile zilipoondoka zilinguruma vile hasa, na zilipotua zilikohoa kama mashine ya hapa Tangini inapoishiwa dizeli. Mrisho akasema hata dada Zena mwenyewe akikasirika hulia hivyo hivyo. Walicheka mpaka tukakosa maneno mawili ya Jemadari, na ikawa ugomvi mwingine.

Mimi nilikaa kwenye kona kati ya kabati na ukuta. Nilimaliza darasa la saba bila walimu kuijua sauti yangu. Nikiitwa kusoma mbele ya darasa, maneno yalifika kooni yakakaa hapo kama watu waliokuta mlango umefungwa. Kwa hiyo nilisikiliza. Mtu asiyesema hana haja ya kuwaza atakachojibu. Masikio yake yanabaki na nafasi. Nilisikia wenzangu wakilikariri lile neno la Jemadari kila siku, kisimani, dukani, kwenye foleni ya unga: "chombo chetu kiliporudi kitupu." Na kila mara nilihisi kuna kitu hakikukaa sawa, kama kitufe kilichofungwa kwenye tundu la jirani yake. Sikujua ni nini.

Halafu ikaja aibu ya betri. Katika sehemu moja Jemadari alitangaza silaha mpya iitwayo Kimya. Akapaza sauti, "Ifungueni Kimya!" na hapo hapo redio ikanyamaza. Hakuna mlio, hakuna mkwaruzo, hakuna kitu. Chumba kizima kikashika pumzi. Tulikaa vile kwa muda mrefu, watu wazima na akili zetu, tukiitazama redio iliyonyamaza, mpaka Mrisho akanong'ona, "Hiyo ndiyo yenyewe." Wiki nzima Tangini haikuzungumza kingine. Silaha inayokula sauti! Mrisho alieleza kwamba mtu akipigwa nayo hafi, ila haitwi tena, wala hasikiki, na askari wasiosikiana ni kundi la mbuzi. Jirani mmoja aliapa kwamba hata kuku wake walinyamaza saa ile.

Jumapili iliyofuata akaja Sefu kutoka Kisarawe, mdogo wake dada Zena, na fenesi begani. Kisarawe nao walikuwa na kundi lao la wasikilizaji, na Sefu ndiye aliyekuwa mdomo wao. Akasikiliza habari ya silaha yetu, kichwa amekiinamisha kama mganga. "Sisi tulisikia mlio kama wa paka wote wa Pwani wamekanyagwa mkia," akasema. Kisha akaenda kabatini, akaondoa kile kitambaa cha kufuma, akafungua mgongo wa redio, akachomoa betri iliyovimba na kuvuja ugiligili. Akainyanyua juu. "Wana Kibaha, silaha yenu hii hapa. Ianikeni juani." Na kweli tulikuwa tunaanika betri juu ya bati ili zipate nguvu kidogo, kama kila mtu mwaka ule, na ile ilikuwa imeanikwa mara nyingi kuliko dagaa. Kufika Jumapili nyingine Kisarawe nzima ilikuwa inatuita Watu wa Betri. Watoto waliimba. Mrisho, ambaye nadhani hakuna risasi iliyowahi kumtisha, aliacha kupita njia ya sokoni.

Ndipo Sefu alipotoa changamoto. Redio ilikuwa imetangaza kwamba mchezo unakaribia kwisha, na kwamba katika sehemu ya mwisho Jemadari atasema chanzo cha vita. Sefu akasema tukutane Soga siku hiyo, wao waje kwa treni kutoka Pugu, sisi kwa baiskeli, maana Jumapili mchana magari yalikuwa yamezuiwa ili kubana mafuta. Kila upande utasema chanzo chake mbele ya watu, mara moja, kwa mdomo wa mtu mmoja, kabla redio haijafunguliwa. Atakayesema baada ya hapo maneno yake ni maji ya kuoshea vyombo. Watakaoshindwa watawapakulia wenzao chakula na kuwanawisha mikono. Na tukishindwa sisi, jina la Watu wa Betri litabaki letu mpaka kiama. Mrisho akakubali kabla mtu mwingine hajafungua kinywa.

Lakini mwaka ule nyumbani kulikuwa na vita vingine pia, vidogo. Nyuma ya uzio wetu aliishi Mama Eliza, aliyekuja na mumewe kutoka bara, na hao wawili, yeye na dada Zena, walipendana kama waliozaliwa pamoja. Bakuli moja la bati, jeupe lenye ua jekundu, lilikuwa linavuka uzio ule kila mara, na mvushaji nilikuwa mimi. Tukipika kisamvu kinakwenda kwake; bakuli likirudi lina maharage. Hata hali ilipokuwa mbaya, bakuli halikurudi tupu. Dada Zena alinifundisha hivyo kabla hajanifundisha kupiga pindo. "Ukikosa kabisa, tia chumvi kidogo kwenye jani. Tia mchaichai. Tia njiti za kiberiti. Bakuli tupu ni kumwambia mtu basi." Siku moja niliona Mama Eliza ameleta bakuli mwenyewe, akaliweka kizingitini, akaondoka bila kubisha hodi. Dada Zena alilifunua. Halikuwa na kitu. Lilikuwa limeoshwa likang'aa. Akaligeuza, akatazama hata chini yake. "Sawa," akasema. "Watu wa bara hawa, ndivyo walivyo." Tangu siku ile Mama Eliza hakuja tena kusikiliza redio, na dada Zena alipanda matembele kwenye ule mwanya wa uzio niliokuwa nikipita. Bakuli likawekwa juu ya kabati, nyuma ya redio.

Na ndiko nilikokuwa nikitazama Jumapili moja, mfululizo ukikaribia kwisha, Jemadari alipoanza maneno yake ya kila siku. Macho yangu yalikuwa kwenye bakuli, masikio yangu kwa mzee. Nikasikia. Nilisikia sawasawa kwa mara ya kwanza, nikashika kabati. Hakuna mwenzangu aliyetikisika. Walikuwa wanakariri pamoja naye, kwa maneno yao wenyewe, wakamfunika. Nilitaka kusema. Nilifungua kinywa, na maneno yakafanya kama yalivyofanya darasani.

Siku ya Soga tuliondoka asubuhi, baiskeli moja kwa watu wawili. Mimi nilibebwa na Mrisho. Kila tulipoteremka kuvuka mchanga nilijiambia nitamwambia sasa, na kila tulipopanda tena nilishukuru kwamba tumepanda. Mwishowe mnyororo ukachomoka, na akiwa amechuchumaa, mikono ina grisi na mgongo amenipa, nikamwambia yote kwa mkupuo mmoja. Kusema na mgongo ni rahisi. Aliurudisha mnyororo kwanza. Kisha akakaa chini barabarani.

"Kule nilikokwenda," akasema, "nilimkuta mmoja wa upande ule amelala, na kiunoni ana sahani ya bati kama yangu. Ua lile lile. Tangu siku hiyo sahani nazitazama sana." Akajifuta mikono kwa majani. "Utasema wewe."

"Kaka Mrisho, siwezi. Sema wewe, nimekupa."

"Nikisema mimi nitasema kama ng'ombe wangu, kwa makelele, watacheka. Hili lako ni la kusemwa taratibu. Panda twende."

Soga tulikusanyika kwenye uwanja wa mwenye duka mmoja, chini ya banda lake la makuti, karibu na stesheni. Redio yake ilikuwa kubwa, na betri mpya, na Sefu alihakikisha sote tunaziona. "Kibaha, karibuni mshike! Hizi hazijaanikwa!" Wanawake wa Kisarawe walikuwa wameleta mchele, sijui waliupata wapi, na sufuria ya wali wa nazi ilikuwa imefunikwa pembeni, harufu yake ikitutesa wote bila ubaguzi. Kura ikapigwa, Sefu akaanza. Nasema kweli, alisema vizuri. Wakilimia, alieleza, walikuwa wameiba siri ya kusafiri kwa mawimbi, kama sauti inavyosafiri kutoka studio mpaka Soga. Mtu anafunguliwa kuwa mawimbi huku, anafungwa kuwa mtu kule. Merikebu ya Wasumbula ilipofika kwao wakawafungua wanaanga wote wakawa mawimbi, na hawakuwafunga tena. Wako hewani mpaka leo, wakitafuta redio ya kuingia. Merikebu ikajirudia tupu kwa uzi wa mawimbi hayo hayo. Watu walipiga makofi. Mimi mwenyewe nilipiga.

Mrisho akasimama. Akatazama watu wote, kisha akasema, "Kibaha tunasemewa na Mwajuma," akakaa.

Nikasimama kwa sababu dada Zena alinisukuma. Sikumbuki nyuso. Nakumbuka sufuria, na mvuke mdogo uliokuwa unatoka pembeni mwa kifuniko. Nikafungua kinywa, hakukutoka kitu.

"Afande kafungua Kimya!" Sefu akapiga kelele, na banda zima likaangua kicheko, Kibaha na Kisarawe pamoja. Nami nikacheka. Sijui kwa nini. Ilikuwa kweli inachekesha. Na kicheko kilipopita kooni kiliuacha mlango wazi.

"Chombo si merikebu," nikasema. "Chombo ni bakuli."

Wakacheka tena, lakini mwanamke mmoja wa Kisarawe aliyekuwa anachochea moto akainua kichwa. Nikamtazama huyo.

"Sisi sote tunasema *kiliporudi*. Jemadari hasemi hivyo. Anasema *kiliporudishwa*. Merikebu inarudi. Bakuli linarudishwa. Walikuwa majirani, walioleana. Wasumbula waliwapelekea wenzao chakula kwenye chombo, kama tunavyopelekeana. Na chombo kikarudishwa kitupu."

"Tupu tupu?" aliuliza yule mama wa motoni. "Hata chumvi?"

"Hata chumvi."

Akapiga paja. "Basi hiyo ni vita!" Na wanawake wote, wa pande zote mbili, wakaanza kusema kwa pamoja, kila mmoja na bakuli lake na jirani yake.

Sefu aliona ushindi unamponyoka. Akaja mpaka mbele. "Ngoja, binti. Kwanza, alisema kiliporudi, nimemsikia mwaka mzima. Pili, watu wenye merikebu zinazonguruma angani, wakose cha kutia bakulini? Kwa nini walirudishe tupu? Ni wajinga? Ni wachoyo?"

Hilo sikuwa nimelipanga. Nilijikuta nimemjibu tu. "Hawakuwa na kitu cha kutia. Waliona aibu kusema."

Nilimsikia dada Zena akivuta pumzi nyuma yangu.

Mwenye duka akafungua redio. Ule mngurumo wa mashine ya kusaga ukapita, ukakohoa, ukanyamaza. Kisha mzee akaanza, na kwa mara ya kwanza mwaka ule hakuna aliyekariri pamoja naye. Watu wote wa Soga walikuwa wanasikiliza neno moja. "Vita hivi havikuanza kwa moto," alisema Jemadari. "Vilianza siku ile chombo chetu kiliporudishwa kitupu."

Sikupata kusikia sentensi iliyofuata, na hakuna aliyeipata. Mrisho alikuwa ameninyanyua juu. Wanawake walipiga vigelegele mpaka watu wa stesheni wakaja kuuliza kuna harusi ya nani. Sefu alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili, anazunguka, anasema, "Kiliporudi*shwa*! Kiliporudi*shwa*! Mwaka mzima!" Ilibidi mwenye duka atishie kuzima redio. Na mwisho wa mchezo ulipofika, Jemadari akiwa peke yake kwenye mji wake uliokwisha ungua, alisema amebakiwa na kitu kimoja tu cha siku zile za ujirani. Tukasikia kikigongwa kwa ukucha. Ting. Hakuhitaji kusema ni nini. Soga nzima ilijua mlio wa bakuli la bati.

Sefu alininawisha mikono mwenyewe, akamimina maji taratibu kama kwa bibi harusi. "Ungesema mapema, Bi Rudishwa," akasema, "ningejiunga na Kibaha." Jina la Watu wa Betri hatukulisikia tena. Wali ule wa nazi naukumbuka mpaka leo, na kwamba niliombwa nirudie maneno yangu, mara nyingi, na kila mara yalitoka.

Jemadari hakusema kwa nini Wakilimia walilirudisha tupu. Mchezo uliisha bila kutuambia, na Sefu mpaka leo anadai kwamba nusu hiyo ya jibu langu haijathibitishwa. Lakini dada Zena aliomba wali wa kubeba. Tulipofika Tangini giza limekwisha ingia, hakuvua hata mtandio. Alilitoa lile bakuli nyuma ya redio, akalipangusa vumbi, akalijaza, akapita juu ya matembele yake mwenyewe kwenye mwanya wa uzio. Nilimfuata mpaka kwenye uzio. Mama Eliza alikuwa amekaa mlangoni. Dada Zena akampa bakuli, akasema, "Dada, hivi mumeo yuko wapi siku zote hizi?" Mama Eliza akalipokea, akalipakata. Mumewe alikuwa mgonjwa kwao bara tangu kabla ya mvua, akasema, na siku ile alipoliosha bakuli alitafuta nyumba nzima cha kutia. Hata mchaichai alikuwa amekwisha uchemsha wote.

Walikaa pale mlangoni wawili, wakala kwenye bakuli moja. Mimi nilirudi kuitia cherehani mafuta.

Kesho yake Mama Eliza alibisha hodi mlango wa mbele, kama mgeni, bakuli mkononi. Ndani kulikuwa na mbegu za maboga, kiganja kimoja, za kupanda. Akalikabidhi kwangu, si kwa dada Zena.

"Mwajuma," akasema, "nasikia umemaliza vita."

"Vipi, mama? Vya huku au vya juu?"

Akacheka, kwa mara ya kwanza tangu masika. "Vya juu sikuvisikia," akasema. "Nilikuwa sina redio."